Sinte ya Mama Claudine na Mafua Yake

Ninyi mafundi vijana mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi, na kwa kuwa hamkusema niandike nini, nitaandika zaidi kuhusu kosa. Mengine mtayajua wenyewe mkikaa kwenye zile stuli miaka ya kutosha. Vyeo nitaviruka kwa sababu havikuwapo. Katika karakana yetu ya Gisenyi tulikuwa wawili: Fundi Anselme alikuwa mkubwa, na mimi, Vestine, nilikuwa yule mwingine.

Nilifika kwake miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilizaliwa Kigoma, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikasomea ufundi wa redio hukohuko, kisha nikarudi Rwanda, nchi ambayo sikuwa nimewahi kufika. Anselme yeye alirudi kutoka Bukavu, alikokuwa fundi wa simu. Alikuwa mwembamba, mwenye bisibisi kwenye mfuko wa shati hata Jumapili, na alitengeneza chochote kilichoweza kuimba: spika za makanisa, magitaa ya hoteli za ufukweni, na hasa vinanda vya umeme vya zamani, ambavyo wapigaji wa Goma waliviita sinte.

Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Aliweka mezani sanduku la nguo, akalifungua. Nguo hazikuwamo. Mlikuwa na saketi alizozilehemu mwenyewe, vipande vya simu za Bukavu, vifundo vya kuzungusha vilivyong'olewa kwenye redio kumi tofauti, na vibao vya kupigia kutoka kwenye harmoni ya misheni iliyoliwa na mchwa. Kumbe kilikuwa kinanda. Alikuwa amekitengeneza kwa miaka minne, na alikiita Valizi, kwa Kifaransa sanduku la safari.

"Funga macho," akasema. "Niambie unasikia nini."

Akabonyeza.

"Nasikia mbuzi," nikasema.

"Bon. Iyo mbuzi iko na njaa ao iko mugonjwa?"

Nilifikiri ananitania. Nikafumbua jicho moja, hakuwa anacheka. Nikasema njaa. Akaendelea kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kinachosema "njo" badala ya "ndiyo".

"Njaa njo umeme kidogo. Ugonjwa njo kapasita. Sasa kamata mita, uangalie kama masikio yako inasema kweli."

Masikio yangu yalisema kweli. Umeme ulikuwa kidogo, kwa sababu jirani yetu alikuwa amewasha mashine ya kusaga. Nilikuja kuizoea mashine ile. Ikiwaka, umeme ulishuka, na Valizi ikashuka nao kama mtu anayeteremka ngazi. Anselme alikuwa akiinua mkono, tunamsubiri mtu amalize kusagiwa mihogo yake, kisha tunaendelea. Jua nalo lilikuwa na mambo yake. Kinanda kilicholingana vizuri asubuhi, saa saba mchana bati likishapata moto kilikuwa kimehama nusu noti bila kumwambia mtu.

Ninyi wa leo mnabonyeza namba na sauti ya jana inarudi. Sinte zile hazikuwa na kumbukumbu yoyote. Vifundo kwenye uso wake ndivyo vilivyotengeneza sauti: hiki kinaifanya iwe nene, hiki kinaichuja, hiki kinaamua ifike polepole au kwa kishindo. Sauti ilikuwa pale vifundo vilipoelekea. Ukivizungusha imekwenda, na hakuna anayejua ilikokwenda. Hili nililijua vizuri. Nalisema mapema ili msije mkanitafutia udhuru.

Zana zetu zilikuwa chache: pasi mbili za kulehemu, mita moja, mswaki mmoja wa kusafishia, na kopo la maziwa ya unga ambalo Anselme aliliita makaburi. Kila kipande kilichokufa kiliwekwa humo kikiwa kimefungiwa karatasi yenye jina la mwenye kifaa. Aliamini mteja ana haki ya kuona maiti.

Mama Claudine alikuja Jumanne moja ya mvua. Alikuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anawachukua Rubona na kuwaleta sokoni Gisenyi. Siku hiyo beseni lilikuwa mkononi, na kichwani alikuwa na mzigo mrefu uliofungwa kwa vitenge viwili. Ulipofunguliwa ilikuwa sinte ya Kijapani, ya miaka mingi, yenye vifundo ishirini na viwili na vumbi la kutosha kupanda maharage.

Ilikuwa ya mume wake, Gaspard. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha bia, na Jumamosi alipiga na okestra ya wafanyakazi wenzake. Gaspard alikufa katika mwaka ule ambao kwetu hautajwi kwa namba ukiwa unaongea na mjane. Wiki chache kabla, sinte ilikuwa imezimika, naye akaipeleka kwa fundi mmoja Goma, ng'ambo ya mpaka. Fundi yule aliiweka juu ya kabati akaahidi kuitazama kesho. Mama Claudine alipomfuata miaka kadhaa baadaye, kesho ilikuwa haijafika. Ndiyo mara pekee niliyopata kuona uvivu wa fundi ukiokoa kitu.

"Pale ku barrière ya mupaka waliniuliza, hii njo nini?" alituambia. "Nikasema ni piano ya bwana yangu. Wakauliza, bwana yako iko wapi? Nikawaangalia tu. Wakanifungulia njia."

Binti yake, Claudine, alikuwa amechaguliwa kupiga kinanda cha kwaya kanisani kwao Nyamyumba, na kanisa halikuwa na kinanda. Ndiyo sababu aliyotupa. Kisha akaweka kiganja juu ya vifundo, bila kuvigusa.

"Mutengeneze ndani. Huku juu, hapana. Njo vile aliacha."

Kwenye kona ya uso wa sinte kulikuwa na plasta ya kidonda, na juu yake Gaspard alikuwa ameandika kwa kalamu, kwa Kinyarwanda: Ntukoreho. Yaani usiguse. Nilisikia kila neno la Mama Claudine, na plasta niliisoma.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Sehemu inayopokea umeme ilikuwa na transista iliyokufa, na kando yake kapasita kubwa, kile kikopo kinacholainisha umeme, iliyovimba na kutoa machozi. Nilibadilisha zote mbili, za zamani nikaziandikia karatasi, nikazitia makaburini. Nilipowasha, taa nyekundu ikawaka. Sikubonyeza kitu, hilo mimi na Anselme tulikubaliana kumwachia Mama Claudine mwenyewe. Anselme akaniambia vizuri, neno alilolitumia mara mbili kwa mwaka, akatoka kwenda kutazama spika za hoteli.

Chuoni Kigoma tulifundishwa kwamba kifaa hurudishwa kwa mteja kikiwa safi. Mwalimu wetu alikuwa akipitisha kidole kwenye kazi zetu na kutukata alama. Nikachukua kitambaa na spiriti. Plasta nikaiona chafu, nikaibandua, nikaitupa. Nikapangusa uso wote, kifundo baada ya kifundo, nikavizungusha huku na huku ili spiriti iingie mpaka chini. Nilikuwa naimba. Nilipofika cha ishirini na mbili nikarudi nyuma hatua moja niitazame, jinsi mtu anavyoitazama nyumba aliyoipaka rangi, na hapo ndipo nilipoelewa.

Nilikaa kwenye stuli. Jirani akawasha mashine yake, akasaga, akazima.

Anselme aliporudi aliitazama sinte, akanitazama mimi, akanusa spiriti.

"Nani alikuambia usafishe?"

"Chuoni walitufundisha…"

"Chuo yako iko Tanzanie. Mama Claudine iko hapa."

Nikamwambia labda tungeweza kuviweka vifundo vyovyote vile. Mama mwenyewe si mpigaji, miaka imepita, huenda asitambue. Nawaandikia jambo hili kwa sababu nililisema. Anselme hakupandisha sauti.

"Anaweza kukosa kutambua, ni kweli," akasema. "Sasa atakuwa analia ku sauti ya nani?" Akachukua bisibisi yake. "Jumanne utamwambia wewe. Mi nitakuwa hapa nyuma, niko na kazi."

Hakuwa na kazi. Jumanne alikaa nyuma ya rafu akifungua na kufunga skrubu ileile.

Mama Claudine aliingia akiwa amevaa vizuri. Sikumpa nafasi ya kukaa.

"Mama Claudine, nimefanya kosa. Nilifuta vumbi, na vifundo vyote nimevizungusha."

"Yote?"

"Vyote."

"Na ile plasta ya Gaspard?"

Nilikuwa nimeitafuta kwenye takataka, nimeibandika kwenye ukurasa wa daftari. Nikampa. Aliisoma kana kwamba ilikuwa ndefu, akageuza beseni lake tupu, akalikalia.

"Mi sijui kucheza piano," alisema hatimaye. "Nilikuwa naogopa hata kupanguza. Niliwaambia ni juu ya kwaya, na ni kweli, ni juu ya kwaya. Lakini nilikuwa nasema, siku itapona nitabonyeza moja tu. Moja. Nimusikie."

Niliisogeza sinte karibu yake.

"Unajua kuitafuta?" akaniuliza.

"Najua kuanza."

"Basi anza."

Tulianza siku ileile. Kila Jumanne akishauza samaki alikuja, akakaa kwenye beseni, akafumba macho. Mimi nilizungusha kifundo, nikabonyeza, nikasubiri hukumu.

"Hapana. Hiyo ni pikipiki."

Nikapunguza.

"Hiyo ni padri."

Nikachuja zaidi.

"Hiyo ni mutu anataka kukuuzia kitu."

Wiki ya tatu alileta picha ya okestra. Gaspard alisimama nyuma ya sinte, mtu mfupi mwenye tabasamu la upande mmoja, na uso wa sinte ulionekana wazi kabisa, isipokuwa pale mkono wake ulipokuwa umefunika. Nilihesabu kwa kioo cha kukuzia: vifundo tisa vilionekana. Kumi na vitatu vilikuwa chini ya mkono wa marehemu. Tulishukuru kwa vile tisa.

Kwa tisa vya picha na masikio ya Mama Claudine tukasogea. Ikafika siku akafumbua macho haraka, akasema, "Karibu! Karibu sana." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini hii ni kama mutu amenawa. Amenawa sana. Gaspard hakuwa hivi."

Tulikwama hapo. Jumanne mbili, Jumanne tatu, mtu aliyenawa hakuondoka. Nilikuwa nimeanza kwenda msalani kila nilipoona kitenge chake kinakata kona ya soko. Hakuwahi kunilaumu, na sipendekezi adhabu ya namna hiyo kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimemwibia kitu, naye alikuwa akiniletea sambaza waliokaangwa.

Aliyetutoa hapo ni Faustin, aliyekuwa mpiga ngoma wa okestra ile. Mama Claudine alisema bado yuko Rubona, anatengeneza nyavu. Tukapanda taksi siku ya Alhamisi tukamkuta nyuma ya nyumba yake, bonge la mtu, na wavu mapajani. Nilimweleza tunachokitafuta. Nilijiandaa kutaja kosa langu, lakini Mama Claudine akaniwahi.

"Piano ilizungushwa," alisema. "Unakumbuka sauti yake?"

"Ya Gaspard?" Faustin akaanza kucheka kabla hajajibu. "Iyo piano ilikuwa na mafua! Tulikuwa tunamwambia, we Gaspard, nunulia piano yako tangawizi. Anapiga muzuri, lakini chini yake iko khrrr, khrrr. Kila mwaka inazidi. Yeye anasema, muache, njo inafanya batu banageuka."

Alipiga mdundo kidogo kwenye goti lake, vidole viwili, kisha akauacha katikati.

"Hakuna mutu alibaki wa kuulizwa, ni mimi tu," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

Ndani ya taksi ya kurudi Mama Claudine alitazama ziwa. Mimi nilikuwa nasikia khrrr ile kichwani. Kuna kitu kimoja tu kwenye sinte kinachotoa mkwaruzo wa namna hiyo chini ya kila sauti, kinachozidi kila mwaka, na hakina kifundo cha kukizungusha. Ni kapasita mbovu. Umeme unapita bila kulainishwa, na mngurumo wake unaingia katika kila noti. Sauti ya Gaspard haikuwa kwenye vifundo peke yake. Nusu yake ilikuwa ugonjwa, na huo ugonjwa niliuponya mimi, kwa kazi iliyosifiwa.

Nilimwaga kopo la makaburi mezani. Kapasita ilikuwa humo, imevimba, na karatasi yake: Mama Claudine. Anselme aliniona nawasha pasi.

"Unafanya nini?"

"Nairudisha."

"Iyo imekufa."

"Haijafa kabisa. Ni mgonjwa."

Akaigusa kwa ncha ya bisibisi. "Inaweza kuunguza transista tena. Inaweza kupasuka."

"Najua. Mama Claudine atapiga dakika chache tu, na mimi nikiwa na mkono kwenye swichi."

Akasogeza stuli yake, akanishikia taa. "Miaka mingi natengeneza vitu," alisema wakati nalehemu. "Leo njo mara ya kwanza naona mutu anaharibu, na mi namusaidia."

Jumanne iliyofuata nilimwambia Mama Claudine kila kitu: kwamba niliiweka sehemu mbovu kwa makusudi, kwamba haiwezi kubaki humo, kwamba kama tumekosea tena sina mahali pengine pa kutafuta. Akasema ameelewa. Safari hii hakukaa kwenye beseni. Nilimpa stuli yangu, nikasimama kando na mkono kwenye swichi.

"Wewe mwenyewe," nikamwambia.

Alinawa mikono kwanza, kwa sababu ya samaki. Akanyoosha kidole kimoja, akakishusha kwenye kibao cha katikati, na hakukiondoa.

Sitajaribu kuieleza sauti ile. Nimesikia sinte nyingi nzuri kuliko ile. Ilikuwa ya chini, yenye joto, na chini yake kulikuwa na mtu mwenye mafua anayevuta pumzi. Mama Claudine hakufumba macho. Mimi nilikuwa nikingoja aseme "ndiyo hiyo", au "hapana".

"Njo huyu," alisema.

Huyu. Nyote mnajua Kiswahili cha kutosha.

Aliishikilia noti ile. Nilinusa kapasita ikianza kupata moto. Anselme naye aliinusa. Nilimwona anatazama mkono wangu kwenye swichi, kisha akageuka kutazama ukuta. Sikuzima. Mama Claudine machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, kama maji yanavyotoka kwenye jiwe. Akabonyeza kibao cha jirani. Kisha cha tatu. Hakujua kupiga, kwa hiyo hakukuwa na wimbo. Alikuwa anapita tu kwenye nyumba anayoijua, anafungua milango.

Kisha akainua mkono mwenyewe.

"Asante. Sasa muitoe," alisema. "Claudine iko na mazoezi ku Jumamosi."

"Naweza kukuchorea vifundo vilipo," nikasema, "ili siku ukitaka…"

"Nimesikia," alisema. "Itoe, fundi."

Ndivyo nilivyofanya, mbele ya macho yake, nikarudisha ile mpya. Aliniomba ile kapasita, akaifunga kwenye ncha ya kitenge. Anselme alimsaidia kuubeba mzigo hadi kwenye kituo cha taksi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mteja mwingine yeyote.

Jumapili nilikwenda Nyamyumba. Nilijiambia nakwenda kusikiliza kazi yangu. Claudine alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na mitano hivi, na kitu cha kwanza alichofanya, kwaya ikiwa inajipanga, ni kuvizungusha vifundo. Si kimoja. Alivizungusha vyote ishirini na viwili, mikono miwili, bila mpango wowote, akatafuta na kubonyeza na kutafuta tena, hadi akapata sauti kali ya juu iliyomfanya mchungaji ageuke. Hiyo ndiyo aliyoichagua.

Nilimgeukia Mama Claudine. Alikuwa akiwapangusia wanakwaya viti.

Claudine alipiga kwa haraka mno. Kufikia ubeti wa pili alikuwa amewatangulia waimbaji kwa hatua mbili, nao walikuwa wanamkimbiza. Ubeti wa tatu wazee wa sauti ya nne waliacha kukimbia, wakaimba kwa mwendo wao wenyewe. Waumini walicheza hata hivyo. Katika maisha yangu ya kazi nimekabidhi vyombo vingi, na sijui kama kuna kingine kilichotumiwa vibaya kwa furaha kiasi kile.

Nje, baada ya ibada, Mama Claudine alinishika mkono.

"Umeona vile anakimbia?" aliniuliza. "Anawaacha batu yote nyuma. Ni baba yake kabisa."

Nikamwambia sikubahatika kumjua baba yake.

"Sasa unamujua kidogo," alisema, akaenda kumsaidia binti yake kufunga kinanda.